Kisiwa Kisicho na Kisima

Wajukuu zangu wa Lodwar na Kakuma, orodha za safari ya kisiwani zinazoandikwa ughaibuni huanza na nguo ya kuogelea. Yetu itaanza na jerikeni la maji.

Chekeni tu. Nani hubeba maji kwenda mahali palipozingirwa na maji pande zote? Mkimaliza kucheka sogeeni karibu, maana kisiwa ninachotaka muende si kama vile vya kwenye kalenda za dukani, vyenye mchanga mweupe na mnazi mmoja ulioinama. Chetu ni cheusi. Kilizaliwa na volkano katikati ya Ziwa Turkana, mkabala na Kalokol, na mpaka leo mvuke wenye harufu ya kiberiti hufuka kwenye nyufa zake. Ramani hukiita Central Island; sisi tukiite Kisiwa cha Kati. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba 5 tu, lakini ndani yake mna maziwa matatu madogo yaliyojaa kwenye midomo ya volkano: moja limepewa jina la mamba, moja la heroe, moja la ngege. Serikali ilikifanya hifadhi ya taifa mwaka 1983, na mwaka 1997 UNESCO ikakiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na hifadhi ya Sibiloi iliyo ng'ambo ya ziwa.

Duka hakuna. Kisima hakuna. Kivuli ni cha kubahatisha. Mtoto wa Turkana akienda likizo huko, afungashe nini?

Kwanza tuelewane kuhusu hizo orodha za ng'ambo, kwa sababu baadhi yenu mna simu na mtaziona. Nyingi huandikiwa watu wa Ulaya wanaokimbia baridi yao kwenda visiwa kama vile vya Canary, vilivyo chini ya Hispania, karibu nyuzi 28 kaskazini mwa ikweta. Huo ndio ukanda wa nusutropiki: joto lipo, lakini majira hubadilika, na jioni ya Januari mtu huulizia sweta. Lodwar iko nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta. Hapa mchana hufika nyuzijoto 35 mwezi baada ya mwezi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Anayenakili orodha ya Canary atapanda boti Kalokol akiwa na sweta mbili na chupa moja ya maji.

Wala msidhani ni watoto tu wanaofungasha kwa orodha ya mahali pengine. Mkifika Kalokol, ulizeni habari za kiwanda cha samaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway, nchi ya wavuvi hodari, ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki kando ya ziwa hili. Nia ilikuwa njema. Lakini kugandisha kitu chochote katika joto la Turkana kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili vilikuwa adimu. Gharama ya kumpooza samaki ikapita bei ya samaki mwenyewe. Kisha ziwa likashuka na Ghuba ya Ferguson, walikovuliwa ngege kwa wingi, ikakauka. Mitambo ilisimama karibu mara tu ilipowashwa. Akina mama wa Kalokol wao hawakusimama: waliendelea kumpasua samaki, kumtia chumvi na kumwanika juani, kama walivyokuwa wakifanya kabla ya mgeni kuja.

Haya, jerikeni. Kwa nini maji ya ziwa hayanyweki? Mto Omo kutoka Ethiopia huleta karibu asilimia 90 ya maji ya ziwa letu, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yakishaingia, yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kupaa yakiwa mvuke. Maji hupaa; chumvi na magadi hubaki. Yamebaki hivyo kwa maelfu ya miaka, yakirundikana, ndiyo maana maji hayo huteleza vidoleni na kuacha ladha ya magadi ulimini. Wako watu wa ufukweni wanaoyanywa kwa kukosa mengine, na madini ya floridi yaliyomo huwageuza meno yakawa ya kahawia na hudhuru mifupa. Wewe una nafasi ya kuchagua. Beba yako.

Kiasi gani? Mimi huhesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kisha naongeza siku moja ya akiba, kwa sababu upepo ukikataa boti isitoke mtalala huko mpende msipende. Watu 4 kwa siku 2 ni lita 40. Tia siku ya akiba, zinakuwa 60: jerikeni tatu za lita 20. Watoto wa Kakuma wanaopanga foleni bombani tangu alfajiri wanajua uzito wa jerikeni moja kuliko mwalimu yeyote wa hesabu, kwa hiyo sitawaeleza.

Nitakachowaeleza ni jambo ambalo huwapata hata watu wazima. Hewa ya Turkana ni kavu, tena inatembea. Jasho likitoka tu, upepo umeshalichukua. Ngozi yako ni kavu, shati lako ni kavu, nawe unajisifu kwamba hata hujatoka jasho. Kumbe umetoka jasho jingi, hukuliona tu. Ndipo kichwa kinaanza kugonga, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, na mtu anakaa chini ghafla katikati ya njia ya mawe. Kiu ni mjumbe anayechelewa. Kunywa kabla hajafika, na weka kwenye mfuko pakiti mbili tatu za chumvi na sukari, zile wanazopewa watoto wanaohara zahanati.

Huko Lamu mambo ni kinyume. Nawatajia Lamu kwa sababu najua mmoja wenu ana shangazi kule na ameshaanza kuomba nauli. Kipimajoto cha Lamu kitasoma chini ya cha Lodwar, lakini hewa ya pwani imeshiba unyevu, na jasho halina pa kwenda. Linakulowanisha tu. Nguo uliyofua jioni asubuhi bado mbichi. Mtu wa Lodwar anayekwenda Lamu apunguze maji mgongoni, aongeze nguo za pamba za kubadilisha, na avae za heshima mjini, maana ule ni mji wa Waislamu wenye misikiti ya karne nyingi. Joto ni joto, lakini mizigo ni miwili tofauti.

Turudi ziwani. Ule ukavu wa hewa unaotuibia maji unaweza pia kutusaidia. Lifunike jerikeni kwa gunia, lilowanishe gunia kwa maji ya ziwa, uliweke penye upepo. Maji ya kwenye gunia yanapopaa huondoka na joto, na yale ya ndani yanapoa. Wazee wa safari za ngamia na madereva wa malori walilijua hili zamani. Hapo tu ndipo maji ya ziwa yanapolifaa jerikeni.

Halafu kuna sheria. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia kwenye hifadhi yoyote ya taifa na plastiki za kutumia mara moja na kutupa: chupa za maji za dukani, sahani, vijiko, mirija. Kisiwa cha Kati ni hifadhi. Kwa hiyo chukua chupa ya bati au ya plastiki ngumu unayoijaza tena na tena. Kwangu mimi sheria hii ingefaa hata Lodwar mjini. Mbuzi wetu wangeimba.

Nguo sasa. Watu hudhani dawa ya joto ni kuvua. Tazama mchungaji wa Kiturkana anavyotembea saa saba mchana: shuka begani, kubwa, legevu. Kitambaa huzuia jua lisigonge ngozi, na ulegevu wake huachia hewa ipite. Suruali ya jinzi hufanya kinyume cha yote mawili, nayo ikilowa botini haikauki upesi. Chukua shati la mikono mirefu, gauni au suruali pana ya kitambaa chepesi, na shuka. Shuka ni kofia, ni kivuli cha kutandazwa juu ya miti miwili, ni blanketi la usiku, na ndilo sweta lako, kwa sababu mawimbi yakikurushia maji alfajiri na upepo ukavuma, utatetemeka hata hapa, nyuzi 3 tu kutoka ikweta.

Kofia pana ni nzuri ikiwa na kamba ya kufunga kidevuni. Isiyo na kamba agana nayo kabisa ufukweni. Miwani ya jua pia ifungwe uzi, maana jua la ziwani hukupiga mara mbili, likishuka kutoka juu na likirudi kutoka majini.

Kama kuna ndugu yetu mwenye ualbino kwenye msafara, mafuta ya kuzuia jua yafungashwe kabla ya chakula. Ngozi yake haina rangi ya asili ya kumkinga, na saa moja botini inaweza kumwachia jeraha. Serikali ya Kenya hutoa mafuta hayo bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu; mzazi ayaulizie mapema, wiki kadhaa kabla ya safari.

Nikizungumzia miili na jua, siwezi kupita bila kumtaja mwenyeji wetu wa kale. Mwaka 1984, huko Nariokotome, upande huu huu wa magharibi wa ziwa, Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho la kutafuta mifupa lisilo na mfano, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Walipochimba walipata karibu kiunzi chote cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Hakuwa amekomaa, alikuwa mtoto, kama ninyi. Mwili wake ulikuwa mrefu na mwembamba, na wataalamu husema umbo hilo humsaidia mtu kupoteza joto upesi. Tazameni vijana wa Lodwar kwenye uwanja wa mpira, kisha mniambie kama hamlioni umbo hilo. Yule mvulana hakufungasha kitu. Mwili ulikuwa umemfungashia.

Miguuni vaa akala. Sisemi hivi kwa mapenzi ya vitu vya kienyeji. Nasema kwa sababu ya mathenge. Mti ule uliletwa kutuliza mchanga ukageuka mwenye shamba, na miiba yake, iliyojaa kando ya Mto Turkwel na njia zote za Lodwar, hupenya patipati ikatokea upande wa pili. Mpira wa tairi la gari huipa kazi zaidi. Kisiwani nako mawe ya volkano yana makali, na mchanga mweusi wa adhuhuri huunguza nyayo. Viatu vya michezo vinafaa pia, ila asubuhi vikung'uteni kabla ya kutia mguu. Nge hupenda viatu.

Sasa ile nguo ya kuogelea. Iacheni nyumbani. Kisiwa cha Kati ni mahali mamba wa Mto Nile wanapozalia. Mama mamba hufukia mayai mchangani, anayalinda, na watoto wakianza kulia ndani ya mayai huwafukua na kuwabeba mdomoni mpaka majini. Ni jambo la kutazamwa kutoka juu ya ukingo, mkiwa na mlinzi wa hifadhi, kwa darubini kama mnayo. Si jambo la kusogelea na ndoo. Wala msifue, msioshe vyombo, msicheze kwenye ukingo wa maji, hata kama ziwa limetulia na hakuna kinachoonekana. Mamba haonekani, ndiyo kazi yake. Usiku tochi itawasaidia: ukimulika majini, macho ya mamba hurudisha mwanga yakawaka mekundu. Yahesabuni mkiwa mbali, kisha mkalale juu, mbali na ufukwe.

Tochi basi iandikwe, na betri zake. Chandarua pia kiandikwe, kwa sababu malaria ipo Turkana ijapokuwa wageni wengi hudhani jangwa halina mbu.

Chakula sina mengi ya kusema. Unga, maharagwe yaliyochemshwa nyumbani, chai, sukari, tende. Chapati za Wasomali wa Kakuma hukaa vizuri safarini. Samaki mtanunua Kalokol, ngege au sangara. Mkaa mbebe wenyewe. Kuni za hifadhi si za kukatwa.

Vyote hivi vinaingia wapi? Ninyi mliosoma shule za bweni mmelizoea sanduku la bati lenye kufuli. Botini ni adui: zito, lina pembe za kukata mguu, na likiteleza linagonga watu. Nguo zitie kwenye begi laini, au kwenye kikapu cha majani ya mkoma, vile wanavyosuka akina mama wa Lodwar, ambacho hukunjika na kuingia popote. Kiberiti, simu, dawa na unga vitieni kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Ndoo hiyo haiingizi maji, huelea ikianguka, na ikisimama juu ya mchanga inakuwa kiti.

Kuna mzigo mwingine, mwepesi kuliko yote, ambao si wote wanaubeba. Aliyezaliwa Lodwar atachukua nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya shule, kwa sababu ada za hifadhi hutofautiana kati ya raia na mgeni, na hulipwa kwa simu au kadi, si kwa noti. Rafiki yake wa Kakuma, ambaye wazazi wake walitoka Sudan Kusini, Somalia au Kongo, anahitaji zaidi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Wako watu wazima waliozaliwa humo na bado huomba kibali cha maandishi kabla ya kutoka. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120 za lami, na kizuizi cha polisi hakijui kwamba mnakwenda kutazama heroe. Kibali kiombwe mapema, mzazi au mwalimu akiwepo. Nasema wazi kwamba mtoto kuhitaji karatasi ili akaone ziwa la kaunti anayoishi ni jambo linaloniuma. Lakini asibebe uchungu wangu, abebe karatasi, ili asiachwe barabarani na mwenzake wa darasa moja.

Njiani kutoka Lodwar kwenda Kalokol simameni kwenye mawe ya Namoratunga, yaliyosimamishwa na watu wa maelfu ya miaka iliyopita. Wazee husimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Wapitao huweka kijiwe juu yake. Hicho hakihitaji kufungashwa, vimejaa pale chini.

Nimeuacha upepo mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndio mwenye neno la mwisho ziwani. Hutoka kusini mashariki, na ukibanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya huongeza mbio. Karibu na Loiyangalani wamesimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo huo. Ukali wake mkubwa huwa usiku hadi asubuhi. Boti ndogo haishindani nao. Saa ya kuondoka haichaguliwi na anayelipa, huchaguliwa na nahodha wa Kalokol, na akisema leo hapana, fungueni mizigo mpike chai. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kujiokolea na afunge kamba zake zote kabla injini haijawashwa. Nahodha asiye na majaketi ya kutosha mwachieni boti yake.

Mwaka 1934 mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs alikuja hapa na wenzake. Wawili kati yao, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini kukichunguza. Walikuwa wasomi, wenye vifaa, wenye chakula. Hawakuonekana tena, na miili yao haikupatikana. Ziwa halikuwauliza walisoma wapi.

Basi kabla hamjapanda, andikeni kwenye karatasi majina yenu wote, jina la nahodha, namba yake ya simu, na siku na saa mnayotarajia kurudi. Karatasi hiyo msiende nayo. Mwachieni mtu mzima Kalokol, mwambieni saa hiyo ikipita asingoje kesho.